Jinsi Bi Shamshad Alivyoizunguka Koni Bila Kushikwa Mkono

Sogeeni, enyi mlioketi mkinywa chai kwa kelele! Zimeni televisheni, lazeni simu kifudifudi, na yule anayetafuna chevda aitafune taratibu, kwa maana mbiu imepigwa, na habari iliyo mbele yenu haifai kusikilizwa kwa sikio moja. Wengine wamesimulia majeshi yaliyovuka milima na falme zilizoanguka kwa usaliti. Hayo ni madogo. Hapa inasimuliwa habari ya mama mmoja aliyeinuka kwenye kiti, akatembea mpaka kwenye koni ya plastiki, akaizunguka, akarudi, akaketi. Ewe birika uliye jikoni, wewe usiyepiga kelele mpaka maji yawe tayari, tupe pumzi ya kuisema habari hii hadi mwisho wake.

Basi katika mji wa Toronto, kwenye ghorofa refu la Flemingdon Park linalotazama bonde la mto Don, jengo lenye lifti mbili zinazokwenda likizo kwa zamu, aliishi Shamshad, Mwenye Viwiko Vinavyogombaniwa. Jina hilo la ushujaa hakujipachika mwenyewe. Alipewa na mwenendo wa watu wake, Waismaili waliotoka Tanga na Dodoma na Kampala wakaja kuzeekea kwenye baridi. Kwa watu hao, mzee akiinuka kitini, kuinuka kwake ni shughuli ya umma. Haulizwi kama anataka msaada, jinsi bwana harusi asivyoulizwa kama anataka kwenda harusini. Anashikwa.

Jamatkhana kule Wynford Drive, ibada ikimalizika, Shamshad huwa hajaukunja hata mtandio wake vizuri, tayari vijana wa kujitolea wameshatokea, mmoja kulia na mwingine kushoto, kama askari wanaomtoa malkia kwenye mji uliozingirwa. Siku moja walitokea wawili kwa kiwiko kimoja, nao wakabishana kwa upole mkubwa, “Tafadhali, wewe,” “Hapana, tafadhali, wewe,” hata wazee wote waliokuwa nyuma yao wakakwama mlangoni. Kwenye basi la Don Mills, dereva huishusha ngazi akiliona koti lake tu kituoni. Shamshad aliwakumbuka wote, na dua zake ziliwataja: yule kijana mrefu ambaye majira ya baridi huvisugua viganja vyake kwanza ili asimguse kwa mikono ya barafu, yule binti wa dukani anayejifanya anakwenda njia hiyohiyo ili ambebee maziwa. Wema wao ulikuwa wa kweli, na kila mmoja alikuwa na fungu lake katika sala zake za alfajiri.

Lakini tusifiche, kwa kuwa mambo ya historia hayafichwi: magoti ya Shamshad hayakuwa na kitu. Akiwa peke yake nyumbani, shujaa huyu alipanda kigoda kuteremsha kopo la samli. Aliinama akafagia chini ya kitanda. Simu ikilia chumbani, aliifikia kabla mpigaji hajakata tamaa. Ila akisikia ufunguo mlangoni, alishuka, akaketi, na papo hapo magoti yakaanza kuuma kwa heshima ya mgeni. Hakuwa mwongo. Yaliuma kweli, kwa muda wote ambao mgeni alikuwepo.

Mama huyu alikuwa na mjukuu, mtoto wa binti yake Karima, jina lake Zameer wa Digrii Mbili Ambazo Hajapata Hata Moja. Chuo kimoja cha mji huo, ambacho jina lake linasitiriwa ili tuendelee kulala usingizi, kiliwatazama vijana wa zama hizi, kikaona wana haraka, kikaona wazazi wao wana haraka zaidi, basi kikaichukua shahada ya kwanza na shahada ya uzamili, kikazibana pamoja jinsi godoro linavyobanwa liingie kwenye lifti. Anayekubaliwa kwenye njia hiyo, mwaka wake wa nne huhesabiwa mara mbili, kama mwisho wa shahada ya kwanza na kama mwanzo wa ile ya pili, naye hutoka upande wa pili amejikunja kidogo lakini ana vyeti viwili.

Somo lenyewe ni sayansi ya mazoezi, yaani elimu ya jinsi mwili unavyojongea. Zameer aliisoma ameketi. Alijua kwa Kilatini jina la kila msuli unaomwinua binadamu kitini, na misuli ya kwake mwenyewe aliitumikisha kwa huruma sana. Kutoka ghorofa ya pili kushuka ya kwanza alisubiri lifti, na lifti ikiwa likizo, alisubiri irudi.

Sifa zake zilivuma hata hivyo, kwa kuwa alikuwa na mjomba, Mohsin Mpiga Mbiu, kaka yake Karima, muuza matairi, mtu aliyewahi kuitangaza digrii hiyo ya mpwa wake kwenye harusi ya watu asiowajua.

“Huyu hapa ni daktari wa mazoezi!” alinena Mohsin, mkono wake juu ya bega la kijana. “Digrii mbili kwa mkupuo mmoja! Wenzake wanapanda ngazi moja moja, yeye anaruka!”

“Anaruka wapi?” akauliza Shamshad. “Juzi nimemtuma chumvi hapo chini, amekwenda na gari.”

Ikaja siku ya vita vya kwanza, na vita hivyo viliishia kwa aibu. Ilimpasa kila mwanafunzi wa njia ile ya haraka amlete mzee mmoja maabara, ampime uwezo wake wa kutembea mbele ya mtahini. Kipimo chenyewe ndicho kile cha kiti na koni. Mzee anaketi kwenye kiti kisicho na mikono. Anaambiwa, “Haya.” Anainuka, anakwenda mita tatu, anaizunguka koni, anarudi, anaketi, na saa inasimamishwa. Wanazuoni wa nchi nyingi, wenye miwani na ruzuku, walikaa vikao kuthibitisha kwamba mzee anayetembea vizuri anatembea vizuri. Sheria kubwa ya kipimo hicho ni moja: mwanafunzi asimame karibu ili amdake mzee akianguka, lakini kama haanguki, asimguse. Akimgusa bila sababu, kipimo kimeharibika, na aliyeharibu ni yeye.

Mtahini alikuwa Dk. Deanne, Mshika Saa, mwanamke wa Kigoa ambaye wazazi wake walitoka Nairobi na Kiswahili cha jikoni na cha kanisani, naye akakirithi chote. Siku hiyo alikiona kiti kimewekwa chini ya tundu la hewa baridi, akakisogeza mwenyewe kabla mgeni hajaketi. Shamshad aliliona jambo hilo, akaliweka moyoni.

Kisha saa ikabonyezwa. Shamshad akainuka. Na hapo mkono wake wa kulia, bila kuagizwa na mtu, ukanyooka pembeni, kiganja chini, jinsi unyooshwavyo mkono wa malkia anayeshuka kwenye gari. Naye Zameer, aliyelelewa na Karima kwa adabu kali, akaupokea. Wakatembea hivyo, mkono kwa mkono, wakaizunguka koni kama maharusi wanaoizunguka keki, wakarudi, Shamshad akaketi, akatabasamu, akasubiri kupongezwa.

Dk. Deanne akaishusha saa.

“Zameer, umeona ulichofanya?”

“Nimefanya nini?”

“Mkono.”

Kijana akatazama. Alikuwa bado ameushika.

“Pole, Anti,” Dk. Deanne akamwambia Shamshad kwa Kiswahili chake cha jikoni. “Wewe huna kosa. Kosa ni lake. Juma lijalo mrudi, halafu basi tena. Sheria haina nafasi ya tatu.”

Jioni ile baraza la vita likaketi Flemingdon Park, kwenye meza ya jikoni, juu ya sahani ya kababu. Waliokuwepo ni Shamshad, Karima, Mohsin na mshtakiwa. Ilikuwa imeeleweka sasa kilichokuwa hatarini: Zameer akiharibu tena, anatolewa kwenye njia ya haraka. Hafukuzwi chuo. Hapigwi mawe. Anarudishwa tu kusoma kama watu wengine, digrii moja kwanza, kisha aombe ile ya pili na kusubiri majibu. Jambo hilo la kuwa kama watu wengine lilimgusa Mohsin mpaka akaacha kababu.

“Nimeshawaambia watu wa Calgary!” akanguruma. “Nimewaambia wa Leicester! Nitawaambia nini sasa?”

“Waambie matairi yameshuka bei,” akasema Karima. “Kaa kimya kidogo, bhai.”

“Suluhisho lipo,” akanena Mohsin, akiinuka kama jemadari juu ya kilima. “Tubadilishe mzee! Yupo Sadru wa chini. Yule hashikwi. Ukimkaribia anakusukuma. Tumpeleke Sadru, atembee, ageuke, amtukane mtahini, arudi. Tumeshinda!”

Shamshad akaweka kikombe chini. “Sadru?” akasema taratibu. “Sadru asiyeitikia salamu? Mjukuu wangu apate digrii kwa miguu ya Sadru?”

“Mama, wewe mkono wako…”

“Mkono wangu una nini?”

Ndipo Zameer akasema, kwa Kiingereza, kwa maana Kiswahili alikisikia chote ila kukijibu hakujaliwa, nasi tunayafasiri maneno yake kama yalivyotoka. Hakupiga hotuba. Aliitazama sahani.

“Nanima,” akasema, kwani ndivyo wanavyomwita mama wa mama, “mimi shuleni sikuwahi kuchaguliwa kwa kitu chochote. Unajua. Hata mpira walinichagua mwisho, na walikuwa wamepungua. Hii ni mara ya kwanza mtu anasema, wewe njoo. Wakinitoa, sitaomba tena. Najijua. Nitakwenda kuuza matairi.”

“Matairi yana ubaya gani?” akauliza Mohsin.

“Nyamaza, bhai,” akasema Karima, na safari hii aliyafuta macho yake kwa ncha ya mtandio.

Shamshad alimtazama kijana huyu mvivu, mnene kidogo wa mashavu, ambaye utotoni alilala kifuani pake majira mawili ya baridi Karima alipofanya kazi zamu ya usiku. Akaona kwamba hasemi mzaha. Basi akainuka, watu wote wakaruka kumshika, akasema maneno ambayo kumbukumbu haitayapoteza:

“Niacheni! Nitakwenda mimi. Na hakuna atakayenigusa.”

Wakati huo Karima alikuwa ameshika kiwiko cha kushoto na Mohsin cha kulia.

Yakafuata mazoezi, na mazoezi yale yalikuwa ya kufedhehesha. Sebule ikageuzwa uwanja wa vita. Kiti cha jikoni kikawekwa dirishani, na chupa ya achari ya embe ikawekwa mbali ikawa koni. Zameer akatoa amri: Nanima anatembea, wengine wanakaa. Kila Shamshad alipoinuka, Karima aliruka. Alipokatazwa Karima, Mohsin, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akiharakisha tangu ahamie nchi hii, alitoka kwenye sofa kama risasi. Akapewa sinia lenye vikombe vya chai moto, ili mikono yake iwe na kazi. Akaruka na sinia.

Jirani yao Arzina akaja kurudisha sufuria. Hakuelezwa lolote. Akamwona Shamshad katikati ya chumba, ametembea mwenyewe, na watu wazima watatu wamekaa wanamwangalia.

“Mna roho gani ninyi?” akapiga kelele, akaliachia sufuria, akamkimbilia.

Zameer ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote. Alitia mikono mifukoni, ikatoka. Aliifumbata nyuma ya mgongo, ikafumbuka. Kijana aliyejua kwa Kilatini msuli unaoukunjua mkono hakuweza kuusimamisha wa kwake usinyooke kwa bibi yake. Miaka minne ya chuo ilikuwa imepigana na miaka ishirini ya Karima, na Karima alikuwa anashinda bila jasho.

Ila Shamshad, akiwa amesimama kando ya chupa ya achari huku Arzina akimpapasa, aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Mkono wake yeye ndio uliokuwa unatangulia. Kabla Zameer hajanyoosha wake, kabla Karima hajaruka, mkono wa Shamshad ulikuwa tayari uko hewani, unangoja. Wao waliitikia tu. Jeshi zima lililomzingira kwa wema, kumbe lilikuwa linaitwa na tarumbeta yake mwenyewe.

Jambo hilo halikumpendeza. Siku zilizofuata, Karima akiwa kazini, alijizoeza peke yake, na peke yake alitembea kama msichana, akageuka kwenye achari, akarudi, akajidharau. Kutembea hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kutembea mbele ya mtu anayempenda bila kumpa kiwiko.

Ikawadia siku yenyewe, siku ambayo wanahistoria wataitafuta kwenye kalenda. Theluji ilikuwa imelainika na kuwa uji wa kijivu kando ya barabara. Shamshad alivaa suruali ya sufu, kanzu yake ya buluu ya kwendea harusini, na raba nyeupe alizonunuliwa na Mohsin ambazo zilimfanya aonekane anakwenda kucheza mpira wa kikapu. Wakapanda basi. Na lo! Jeshi la wema likashuka juu yao kutoka pande zote. Dereva akaishusha ngazi. Mzee wa Kifilipino akainuka kwenye kiti, naye akiwa na fimbo. Msichana mwenye nywele za zambarau, vipini puani, akamtengenezea njia kwa viwiko na kusema “Pole, mama” kwa lugha yake. Shamshad alikubali yote hayo kwa kichwa, kwa shukrani, mikono yake yote miwili ikiwa imelishika begi. Zameer akatembea nyuma yake, uso umempauka kama unga wa ngano.

“Umekula?” Shamshad akamuuliza.

“Sijaweza.”

“Daktari wa mazoezi,” akasema Shamshad, “anazimia kwa njaa.” Akatoa kitumbua begini, akamfungulia karatasi. Alikila chote. Hilo pia liandikwe.

Maabara ilikuwa vilevile: mashine za kukimbilia zisizokimbiliwa na mtu, picha ya binadamu aliyechunwa ngozi akitabasamu ukutani, utepe sakafuni, na mwisho wa utepe, Koni. Rangi yake ya machungwa. Kimo chake cha goti. Ilisimama pale kwa kiburi cha kitu ambacho hakijawahi kushindwa na mtu kwa sababu hakuna aliyewahi kushindana nacho. Dk. Deanne aliketi pembeni na saa yake. Kiti, safari hii, kilikuwa tayari mbali na tundu la hewa.

Zameer akasimama mbele ya bibi yake, akatoa maelezo anayopaswa kuyatoa kwa kila mzee, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe: utainuka, utatembea kwa mwendo wako wa kawaida, utaizunguka koni, utarudi, utaketi. Je, una swali?

“Ninalo,” akasema Shamshad. “Mama yako akija kuniuliza, nimwambie ulisimama wapi?”

“Hapa. Karibu yako.”

“Basi simama hapo.”

Saa ikabonyezwa.

Shamshad akaegemea mbele, akainuka. Kiti kisicho na mikono kilibaki nyuma yake kama bandari. Mkono wake wa kulia ukataka kuondoka. Akaubana ubavuni kama mtu aliyebeba gazeti kwapani. Akapiga hatua. Zameer akapiga hatua pembeni yake. Zilisikika raba za mpira wa kikapu zikilia sakafuni, nywii, nywii, kwa fahari isiyolingana na mwendo wake. Aliifikia Koni. Akaanza kuizunguka.

Na hapo ndipo raba ya kushoto iliponasa kwenye ukingo wa utepe.

Hakuanguka. Semeni hivyo mkisimulia: hakuanguka. Aliyumba kidogo, kama mtu anavyoyumba akikumbuka ameacha jiko linawaka. Lakini kuyumba huko kulitosha. Mkono wa malkia ukafyatuka kutoka ubavuni, ukanyooka hewani. Mkono wa Zameer ukaruka kuupokea. Dk. Deanne, Mshika Saa, Mlinzi wa Sheria, binti wa Wagoa wa Nairobi ambao nao hawakumwacha mzee asimame peke yake tangu ubatizo, alikuwa ameshanyanyuka nusu kwenye kiti chake, mkono wake usio na saa umenyooka mbele. Akaukuta hapo. Akauvuta akaukalia.

Mkono wa Zameer ukasimama. Haukurudi. Ulisimama pale chini ya kiwiko cha bibi yake, karibu kabisa na kitambaa cha kanzu, bila kuigusa. Shamshad aliutazama. Hakuwahi kuuona mkono huo ukiwa na kazi ngumu kiasi hicho. Jasho lilikuwa linamtoka kijana yule aliyekuwa hafanyi chochote. Alikuwa amepima, kwa jicho lililosomeshwa, kwamba mama huyu amesimama imara, na sasa alikuwa anapigania kuliamini jicho lake mbele ya kila kitu alichofundishwa nyumbani. Mafunzo yake yote ya chuo, ada zake zote, mbiu zote za mjomba wake, zilikuwa zimekusanyika katika ule upenyo mdogo kati ya vidole na kanzu.

Shamshad akaona: huyu peke yake hataweza. Tarumbeta ikipigwa tu, ataitikia. Basi akaukunja mkono wake mwenyewe, taratibu, akaurudisha ubavuni.

“Haya, twende,” akasema.

Akamaliza kuizunguka Koni. Akarudi, nywii, nywii, kama meli inayorudi na nyara. Akageuka, akakitafuta kiti kwa nyuma ya magoti, akaketi. Saa ikasimamishwa.

Dk. Deanne akaitazama saa, akamtazama Zameer, ambaye mkono wake ulikuwa bado hewani mahali pale pale kando ya Koni ingawa bibi alikwisha kuondoka.

“Unaweza kuushusha,” akamwambia. “Umepita.”

Kijana akaushusha. Kisha akaketi sakafuni, yeye mwanasayansi wa mazoezi. Na Shamshad, aliyekuwa amekwenda na kurudi, akamwangalia kutoka kitini, akamwambia Dk. Deanne, “Mletee maji, mwanangu.” Dk. Deanne akaleta gilasi mbili, moja ya maji ya baridi na moja ya uvuguvugu, akampa mama ile ya uvuguvugu bila kuuliza.

Ndivyo ilivyotimia. Mwanamke alitembea kama atembeavyo kila siku kwenda kuteremsha samli, na mwanamume alisimama bila kufanya lolote, na kwa kutofanya huko akabaki kwenye njia ya digrii mbili.

Mohsin Mpiga Mbiu hakungoja wafike nyumbani. Alipigiwa simu akiwa juu ya rundo la matairi, na kutoka kilele hicho akatuma ujumbe kwa ukoo mzima wa Calgary, Leicester na Dar es Salaam, ujumbe wenye maua na mikono iliyofumbatwa: MAMA AMETEMBEA MWENYEWE LEO! SHUKRANI KWA MOLA! ZAMEER NDIYE ALIYESIMAMIA!

Ukoo ukaingiwa na hofu. Ametembea? Kwani alikuwa hatembei? Tangu lini? Mbona hatukuambiwa? Simu zikalia. Leicester ililia machozi. Dar es Salaam ikafanya dua. Calgary ikauliza bei ya tiketi. Na Arzina, aliyemwona kwa macho yake siku ile akiachwa katikati ya sebule huku watoto wake wanamkodolea, alithibitisha kwa jengo zima kwamba hali ilikuwa mbaya, mbaya sana, na ile ilikuwa tiba.

Jioni mlango haukufungwa. Ikaja kichri, wali laini wa dengu wa wagonjwa, kwenye bakuli, kwenye kopo, kwenye chungu. Ukaja mchuzi wa mbavu. Yule kijana mrefu wa jamatkhana akaja, akavisugua viganja vyake mlangoni kabla ya kusalimia. Sadru wa chini akapanda, hakuitikia salamu ya mtu, akaweka machungwa mezani, akashuka. Shamshad aliketi kwenye sofa, mto nyuma ya mgongo, blanketi miguuni, akaviona vyote hivyo, na macho yake yakalowa kweli. Karima akafungua kinywa awaeleze watu kwamba mama yake hakuwahi kuugua. Shamshad akamtazama. Karima akakifunga.

“Pole pole,” akamwambia Arzina aliyekuwa anamgeuza upande. “Hilo goti la kulia bado.”

Kisha mzee mmoja wa heshima, mwenye ndevu zilizochanwa, akamgeukia Zameer, aliyekuwa amesimama karibu na jokofu na sahani yake ya tatu, akamuuliza mbele ya mkutano wote: “Na wewe, daktari, hebu tuambie. Ulimfanyia nini bibi yako mpaka akatembea?”

Zameer akamtazama bibi yake, akameza tonge, akatafuta maneno, na akayapata kwa Kiswahili, sentensi nzima, ya kwanza ambayo ukoo ule uliwahi kumsikia akiitoa.

“Sikumfanyia kitu.”

Wakausifu unyenyekevu wake mpaka chai ikapoa.